Coming to America: tunacheka nao au wanatucheka sisi?

Mpenda Kideo:
Wakuu salama? Kuna ubishi umetushinda kwenye grupu la ukoo, nimeona niulete huku maana kule wameshaanza kununiana. Mtu katupia kipande cha Coming to America, ile ya Eddie Murphy ya 1988, watu wanacheka weeh, mara mjomba kaingia kasema huu ni upuuzi, miaka yote hii tunashangilia muvi ya Hollywood inayotuonyesha Waafrika ni watu wa kuvaa ngozi ya simba na kuogeshwa na wanawake. Ana hoja? Mimi nasema hana, au anayo kidogo sana, na nasema hii ni komedi ya mapenzi ambayo haijachuja mpaka leo. Njooni mnipinge.

Kwa watoto wa juzi ambao hawajaiona: Akeem ni mtoto wa mfalme wa Zamunda, nchi ya kutunga. Kafikisha miaka 21, kaletewa mchumba anaitwa Imani, aliyefundwa tangu mdogo kwa ajili yake. Anamvuta pembeni anamuuliza unapenda nini, binti anajibu chochote unachopenda wewe. Muziki gani? Wowote unaopenda wewe. Basi jamaa anamwambia haya ruka kwa mguu mmoja huku unabweka kama mbwa, na binti wa watu anaruka, anabweka. Hapo ndo Akeem anaona hii siyo ndoa, anaruhusiwa siku 40 akatembee, anaenda zake Queens kule New York na rafiki yake Semmi (Arsenio Hall), anajifanya mwanafunzi choka mbaya na anapata kazi ya kupiga deki kwenye mgahawa wa mzee Cleo McDowell. Mzee mwenyewe kakopi McDonald's mchana kweupe, ukimuuliza anakwambia wao wana Big Mac mimi nina Big Mick, mikate yao ina ufuta ya kwangu haina 😂

Sasa mjomba anasema Afrika imedhihakiwa. Mi namwambia hesabu nani anatoka mjinga kwenye ile muvi. Darryl, mpenzi wa Lisa (binti wa mzee Cleo ambaye Akeem anampenda), mrithi wa Soul Glo, yale mafuta ya kalikiti (mnakumbuka familia nzima inainuka kwenye sofa inaacha madoa ya mafuta pale walipoegemeza vichwa?), yeye ndo anamwambia Akeem kwenye mechi ya kikapu kwamba kuvaa nguo lazima kwake ni kitu kigeni. Ukumbi hapo unamcheka Akeem au unamcheka Darryl? Na mkumbuke ni 1988, miaka mitatu tu tangu Live Aid, lile tamasha la kuchangia wenye njaa Ethiopia, Mzungu wa kawaida akisikia Afrika anawaza njaa na nzi. Halafu inatoka muvi ambayo Mwafrika ndo mwenye hela, mwenye adabu, anayeongea Kiingereza kilichonyooka, na anayekosa ustaarabu ni Mmarekani.

Ila kilichoibakiza hai ni mapenzi, siyo hiyo siasa. Jamaa ana kila kitu, anachotafuta ni mtu anayeweza kumkatalia. Na Lisa anakataa kwelikweli. Darryl anatangaza uchumba mbele ya wageni bila hata kumuuliza, anakataa. Akeem anamfuata kwenye treni anamwambia nauacha ufalme kwa ajili yako, naye anamkatalia anashuka zake. Komedi ngapi za mapenzi mwanamke anawekewa ufalme mezani anasema hapana asante kwa sababu tu umenidanganya wewe ni nani?

Nyundo:
Mkuu unatetea kwa mapenzi siyo kwa akili. Hiyo Zamunda ina watu gani? Umeona soko? Umeona hata mama mmoja anauza mchicha? Ni ikulu, marumaru, na mtoto wa tembo anakatiza bustanini, mwana mfalme anamsalimia kama jirani. Mfalme ana simba mzima begani. Waigizaji wakubwa wote Wamarekani, malkia tu ndo Mjamaika. Kitu cha Afrika kweli mle ni sauti ya Ladysmith Black Mambazo mwanzoni wakiimba Mbube, na hao ni Waafrika Kusini ambao mwaka huohuo kwao ubaguzi ulikuwa bado ni sheria. Kumvika Mwafrika dhahabu badala ya matambara bado ni kumvika unavyotaka wewe.

Kaka wa Kitaa:
@Nyundo waigizaji Wamarekani sawa, ila angalia ni Wamarekani gani. Mzee McDowell ni John Amos, yule yule Kunta Kinte mtu mzima, Mwafrika aliyeuzwa utumwani Marekani, kwenye Roots, tamthilia ya TV ya 1977. Malkia ni Madge Sinclair, ambaye mle mle alikuwa Bell, mke wake Kunta. Na mfalme, James Earl Jones, alikuja kumcheza Alex Haley mwenyewe, mwandishi wa kitabu cha Roots, kwenye mwendelezo wa 1979. Yaani Kunta Kinte kafungua mgahawa wa baga Queens halafu binti yake anaolewa anarudi Afrika kuwa malkia, na harusini bibi harusi wa zamani wa Kunta ndo mama mkwe. Usiniambie hao hawakuwahi kuifikiria Afrika. Na baadae Jones na Sinclair wakawa tena mfalme na malkia, sauti za Mufasa na Sarabi kwenye katuni ya The Lion King 1994, ila hapo hata mimi nakubali tumegeuzwa simba moja kwa moja 😅

Mbeba Maboksi:
Nyie mnabishana ikulu mi nabishania deki. Niko Marekani miaka mingi, hakuna muvi nyingine imenionyesha kama hiyo. Kuna kijana pale mgahawani, Maurice, yule mnene mpole (Louie Anderson), anampa Akeem moyo: nilianza napiga deki kama wewe, sasa naosha saladi, muda si mrefu nitahamia kwenye chipsi, halafu jiko la nyama, baada ya mwaka mmoja miwili nawa msaidizi wa meneja, na hapo ndo hela inaanza kuingia. Anaongea kwa dhati kabisa wala hatanii!! Mara ya kwanza nimeiona nyumbani nilicheka kama wote, baada ya kufika huku na kukutana na jamaa ana digrii yake ya kutoka nyumbani ananipangia hesabu ileile ya kupanda kutoka kuosha vyombo mpaka usupavaiza, nikanyamaza. Kila Mwafrika aliyepiga deki huku, kwao ni mtoto wa mtu, kwenye kipindi cha kazi hakuna anayejua, na ukiwaambia nyumbani tuna ng'ombe na shamba la ekari kadhaa wanakuangalia kama Akeem anavyoangaliwa. Kazini walikuwa wananiita Prince Akeem. Siku za mwanzo iliniudhi, baadae nikaona heri hilo kuliko majina mengine niliyoyasikia.

Binti Msemakweli:
Wanaume mmejaa humu mnasifia Lisa anayejua kukataa. Mbona hamumsemi Imani? Mwanzo wa muvi wanawake wanamwaga maua njiani, wanawake wanaogesha, hakuna anayepewa sentensi ya maana (ukiacha ile moja ya bafuni ambayo siiandiki hapa). Imani alifundwa hivyo na wazazi na ikulu, anatii amri ya mtu aliyekuja kumuoa, halafu yeye ndo kichekesho. Akeem anaondoka na mizigo yake, binti anaachwa anaruka. Na msiseme ni mambo ya zamani, mwendelezo ulitoka 2021, miaka zaidi ya 30 baadae, na bado yupo anaruka na kubweka!! Walikuwa na nafasi ya kumpa maisha wakarudia utani uleule. Walau yule kinyozi Mirembe, jina la Kiganda kabisa, ndo wakampa akili na mdomo.

Nyundo:
Hapo umenena dada. Na hela mnajua zilienda wapi? Mwandishi Art Buchwald alishtaki kwamba wazo ni lake, 1990 mahakama ikampa ushindi, Paramount, kampuni iliyoitoa muvi, wakasema haijapata faida. Muvi iliyoingiza zaidi ya dola milioni 280. Faida hakuna 😂 kama hesabu za vikoba vya mtaani kwetu.

Mpenda Kideo:
@Binti Msemakweli hoja ya Imani nzito, ila mwendelezo siuhesabu, ule ni wa kwao na Amazon. Kwenye ya kwanza mbona anayevunja mila ni mwanamke? Angalia pale garini, mfalme anasema mila ndo mila, mimi nani niibadilishe, na malkia anamgeukia anamwambia nilidhani wewe ndiye mfalme. Sentensi moja tu, muvi nzima imegeuka. Bila mama hakuna harusi. Na mzee Cleo naye, aliyekuwa anamsukumizia bintiye Darryl kwa sababu ya hela ya mafuta, mfalme alivyomdharau Lisa akamjibu kwamba ukitamka neno moja zaidi juu ya binti yangu tutashikana hapahapa. Mzazi wa aina hiyo kwenye kikao cha mahari kwetu yuko wapi?

Binti Msemakweli:
Malkia safi, sibishi, na huyo Lisa pia nampenda, hasa pale mwisho kwenye gari la farasi anamuuliza ungeviacha kweli vyote hivi kwa ajili yangu, Akeem anasema hata sasa hivi ukitaka, Lisa anatazama umati, anafikiria kidogo, anasema aa-aa. Hapo nacheka kila nikiiona na nitaiangalia tena Jumamosi. Ila mniandikie muvi ambayo Imani naye anapanda ndege siku hiyohiyo, kwa siku zake 40, halafu ndo tuongee habari ya komedi ya mapenzi isiyo na mpinzani.