Winchester 94 ya Kondoa au Marlin 336 ya Arusha: ipi inafaa kununuliwa na kufufuliwa?

Mkulima wa Bahi

Ndugu zangu, naomba mnisaidie kulinganisha bunduki mbili za wenzo zilizotumika, yaani zile unazoingiza risasi kwa kuvuta mkono wa chuma ulio chini ya mwili. Ya kwanza ni Winchester 94 ya kaliba .30-30, mali ya mstaafu mmoja wa Kondoa anayeimiliki kihalali. Namba yake iko chini ya 2,700,000, kwa hiyo ilitengenezwa kabla ya mabadiliko ya mwaka 1964. Kitako kimepasuka kuanzia pale mbao inapokutana na chuma, na sehemu za nje zina kutu. Ya pili ni Marlin 336 ya kaliba hiyohiyo, iliyoko kwa muuzaji mwenye leseni Arusha. Mbao zake ni nzima, lakini bei yake inakaribia mara mbili ya ile ya Kondoa. Nitaitumia kuwinda swala pala na ngiri kwa vibali vya TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania) upande wa Manyoni, ambako kwa sababu ya vichaka mnyama huonekana akiwa karibu sana. Moyo wangu uko Kondoa, ila sitaki moyo ndio uniamulie.

Fundi wa Area C

Ndugu Mkulima, zote mbili ni bunduki za heshima. Winchester 94 ilibuniwa na John Browning, na zaidi ya milioni saba zimetengenezwa, jambo linaloonyesha jinsi mtambo wake ulivyoaminiwa na wawindaji. Zile za kabla ya 1964 husifiwa kwa sababu vipande vyake vilichongwa kutoka chuma kizima, ilhali baada ya hapo kiwanda kilipunguza gharama na kuanza kutumia baadhi ya vipande vilivyokatwa kwa kubonyezwa kutoka bamba. Kwa asili, basi, ya Kondoa ina chuma kizuri.

Hata hivyo, kabla ya kuitazama mbao tazama mtutu. Mtambo wa Winchester 94 si rahisi kufunguliwa na mtu wa kawaida, kwa hiyo wamiliki wengi huusafisha mtutu kwa kuingiza ufito kutoka mdomoni. Ufito huo ukisugua mdomo wa mtutu miaka mingi bila uangalifu, unakula kingo za mifereji ya ndani inayoizungusha risasi, pale inapotokea, na bunduki hupoteza shabaha hata kama ndani kwingine kunang'aa. Marlin 336, iliyoanza kuuzwa mwaka 1948, haina tatizo hilo: unaondoa skrubu moja ya wenzo, unautoa wenzo na kufuatiwa na bolti (kipande kinachofunga nyuma ya mtutu), kisha unausafisha mtutu kutoka nyuma kama inavyotakiwa. Kwa mtu wa Bahi, ambako vumbi la kiangazi huingia kila mahali, hiyo ni faida kubwa.

Kwenye Marlin tafuta alama ya JM upande wa kushoto wa mtutu, karibu na mwili wa bunduki. Hiyo ni alama ya kiwanda cha zamani. Baada ya Remington kuinunua Marlin na kuhamisha utengenezaji, zilitoka bunduki nyingi ambazo wenye ujuzi walilalamikia umaliziaji wake, mpaka Ruger ilipoichukua mwaka 2020.

Mwindaji wa Itigi

Naunga mkono Marlin, na sababu yangu ni ganda la risasi. Winchester 94 za zamani hurusha ganda juu, kwa hiyo huwezi kufunga darubini katikati ya mwili wake; utaratibu wa kurusha kwa pembeni ulikuja miaka ya 1980. Marlin hurusha ubavuni na juu imefungwa kabisa, hivyo darubini inakaa vizuri na mchanga hauingii kirahisi.

Ukinunua yoyote, zingatia jambo hili kwa dhati. Magazini zake ni bomba lililo chini ya mtutu, na risasi hukaa zimefuatana, ncha ya moja ikiigusa fataki ya nyingine, yaani kile kidude cha nyuma ya risasi kinachowasha baruti. Kwa hiyo tumia risasi zenye ncha bapa, au zile za kisasa zenye ncha laini zilizotengenezwa mahsusi kwa bunduki za bomba. Ncha kali ya chuma inaweza kuipiga fataki ya risasi iliyo mbele wakati bunduki inaporuka, na bomba likalipuka mkononi mwako. Vilevile .30-30 ni ya wanyama wa ukubwa wa kati na umbali usiozidi mita 150 hivi. Nyati usimfikirie nayo, kwa kuwa hapo kaliba .375 ndipo pa kuanzia.

Mzee wa Kondoa

Mwanangu wa Bahi, Winchester inaweza kuwa nzuri kuliko zote, lakini usiichukue nyumbani kwa mstaafu huyo hata kwa siku moja ya kwenda kuionyesha kwa fundi. Kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, silaha haihami kwa makubaliano ya watu wawili, ni polisi ndio wanaoihamisha. Mwombe mwenyewe aipeleke kwa fundi mwenye leseni akiwa na kitabu chake cha umiliki wa silaha, wewe uende kama mtazamaji. Linganisha namba iliyo kwenye chuma na ile ya kitabuni, tarakimu kwa tarakimu. Zikitofautiana, usiendelee, maana hakuna ukarabati unaoweza kulitibu hilo.

Seremala wa Kizota

Ninataka kuitetea ile ya Kondoa, kwa kuwa ufa wa kitako si hukumu ya kifo. Bunduki ikisimamishwa kabatini mdomo ukiwa juu, mafuta hushuka kutoka kwenye mtambo, yanaingia kwenye mbao na kuilainisha; kila mshindo unaofuata huigonga mbao hiyo dhaifu mpaka ipasuke. Kiangazi chetu kirefu hukamilisha kazi, maana mbao ikikauka husinyaa. Tiba yake ni kuivua, kuyatoa mafuta kwa asetoni na unga wa chaki unaopakwa na kubadilishwa mpaka ubaki mweupe, ndipo ufa ujazwe gundi ya epoksi na kubanwa usiku kucha. Gundi ikipakwa juu ya mafuta itaachia, na hapo ndipo mafundi wengi wanapofeli.

Kama ufa umefika mbali, chonga kitako kipya kwa mninga mkavu. Kwa uzito haupishani sana na mbao ya mjozi wanayotumia Wamarekani, na sifa yake kubwa ni kwamba ukishakauka haubadiliki umbo kwa urahisi. Nunua kwa mfanyabiashara mwenye vibali vya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania). Malizia kwa mafuta ya kitani, tabaka jembamba baada ya jembamba, na vitambaa ulivyotumia uvitandaze nje au uvitie majini, kwa sababu vikirundikwa hujipasha joto vyenyewe na kuwaka.

Mkulima wa Bahi

Nawashukuru sana. Je, kutu la nje? Rafiki yangu ananishauri niipeleke ikasuguliwe kwa msasa na kupakwa rangi mpya ya samawati nyeusi, iwe kama imetoka dukani.

Fundi wa Area C

Usikubali, ndugu yangu. Msasa hufuta maandishi ya kiwanda na kuzila kingo, na Winchester ya kabla ya 1964 iliyosuguliwa hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake. Chukua stiliwaya laini kabisa, namba 0000, ichovye kwenye mafuta mepesi, na usugue taratibu. Kutu jekundu litatoka na rangi ya awali itabaki. Vishimo vilivyokwisha kuingia viache. Skrubu zifunguliwe kwa bisibisi iliyochongwa ikaenea mfereji wake sawasawa, la sivyo utaziharibu vichwa.

Mimi ningeamua hivi: mstaafu ailete karakana yenye leseni, mtutu umulikwe na mdomo wake ukaguliwe, na nafasi kati ya bolti na kitako cha ganda ipimwe kwa geji. Vyote vitatu vikiwa salama, chukua ya Kondoa, kwa kuwa kilichobaki ni kazi ya Seremala. Kimoja tu kikishindwa, lipa ile bei ya Arusha.

Mkulima wa Bahi

Nimekubali. Nitampigia mzee leo tupange siku ya ukaguzi, na muuzaji wa Arusha nimemwomba anitumie picha ya alama iliyo kwenye mtutu.