Nina Jumapili moja tu Guangzhou. Naweza kuzunguka kwa miguu peke yangu?

Mbao_Mafinga:

Wakuu, kamwene.

Mwezi ujao naenda China kwa mara ya kwanza. Safari ni ya kazi. Mimi na kaka yangu tuna karakana ya mbao hapa Mafinga, tunatafuta mashine ya kuranda na msumeno wa mkanda, kwa hiyo wakala ametupangia kwenda Shunde, kule Lunjiao ambako viwanda vya mashine za mbao vimepangana kama maduka ya spea. Narudi Guangzhou Jumamosi usiku na ndege ni Jumatatu. Jumapili yote iko wazi.

Swali langu: mtu asiyejua hata neno moja la Kichina anaweza kutembea mji ule peke yake, kwa miguu, kuanzia asubuhi hadi jioni? Sitaki kushinda hotelini natazama dari. Madukani pia sitaki, nitakuwa nimeshachoshwa na bei. Nitafikia mtaa wa Xiaobei. Kutembea si tatizo, shamba letu la paina liko kilomita 9 kutoka nyumbani na mara nyingi naenda kwa mguu.

---

Tunduma_Mpakani:

Dogo, nauli yote hiyo halafu utembee? Jumapili nenda kwenye mabegi na viatu, ulinganishe bei, urudi na sampuli. Mimi nimeenda mara nne na hata mto wao sijauona. Sijapungukiwa kitu.

---

MamaMidoli_Mwanjelwa:

Mwanangu wa Mafinga, karibu. Huyo wa Tunduma amenichekesha maana nami nilikuwa hivyo hivyo. Nauza midoli na vifaa vya shule Mwanjelwa. Nimekwenda Guangzhou safari sita, na safari zote sita nilikuwa najua sehemu tatu tu: chumba changu Xiaobei, maduka ya midoli barabara ya Yide, na godauni la wakala wa mizigo. Safari ya saba, mwezi wa nne, mzigo ukachelewa kutoka kiwandani kwa siku moja. Nikasema potelea mbali, leo natembea.

Nilitoka saa moja asubuhi. Kulikuwa na manyunyu, lakini si haya yetu ya Mbeya ya kukutafutisha sweta. Ya kule ni ya joto. Mvua inakulowesha kwa nje, jasho kwa ndani, na mwavuli haukusaidii lolote. Chukua fulana ya kubadilisha.

Anza na bustani ya Yuexiu, kutoka Xiaobei haifiki nusu saa. Asubuhi imejaa wazee. Wapo wanaonyoosha viungo taratibu kama watu walio ndani ya maji, wapo waliojipanga duara wanapigiana kishada cha manyoya kwa mguu kisidondoke, na wapo wanaoimba kwa spika, kila kundi na wimbo wake, hakuna anayemjali mwenzake. Panda ngazi mpaka kwenye sanamu ya mbuzi watano. Hadithi yao ni kwamba malaika watano walishuka juu ya mbuzi, kila mbuzi ana mashuke ya mpunga mdomoni, wakawapa watu waliokuwa na njaa. Ndiyo maana Guangzhou wanauita mji wa mbuzi. Nilicheka peke yangu. Kyela mbuzi akikutwa na mashuke ya mpunga mdomoni anapigwa mawe na mwenyewe anatozwa faini, kule wamemchongea sanamu.

Juu zaidi kuna mnara wa Zhenhai, mwekundu, ghorofa tano, wa mwaka 1380. Upite tu.

Usipopaswa kupapita ni makumbusho ya mfalme wa Nanyue, ufalme wa kale wa huko. Toka bustanini kwa geti la magharibi, vuka barabara ya Jiefang, umefika. Mwaka 1983 watu walikuwa wanachimba msingi wa nyumba za ghorofa, wakakutana na kaburi. Ni la mfalme aliyekufa mwaka 122 kabla ya Kristo, na halikuwa limewahi kuibiwa. Unashuka mpaka ndani ya vyumba vya mawe alimolazwa, unainama kwenye mlango. Alizikwa na watu 15 ili wakamhudumie huko aendako. Mpishi wake yumo. Vazi lake ni vipande 2,291 vya jade, jiwe la thamani, vilivyoshonwa kwa uzi wa hariri, kutoka utosini hadi nyayoni.

Lakini kilichonishika ni kabati moja pembeni, watu wengi wanalipita. Ndani kuna pembe tano za ndovu, zimeoza, zimepasuka, zina rangi kama magome ya mti. Maelezo yanasema ni za tembo wa Afrika. Nikarudi kusoma tena. Miaka zaidi ya elfu mbili! Sisi tukiingiza kontena moja la midoli tunajiona ndio tuliofungua njia.

Hapo nikapiga picha na video mpaka simu ikazima. Sasa sikiliza vizuri. Kule kila kitu ni simu: chakula, treni, hata muuza viazi vitamu vya kuchoma ana karatasi ya kuskani. Kila kona kuna kisanduku cha kuazima pawabenki, lakini ili uazime lazima uskani, na ili uskani lazima simu iwe na chaji! Nilisimama mbele ya kile kisanduku kama mtu aliyefungiwa nje na funguo ziko ndani. Kilichoniokoa ni vitu viwili kwenye kibindo: noti moja ya yuani 100, na kadi ya hoteli yenye anwani kwa herufi za Kichina.

Nikaendelea kushuka na Jiefang kuelekea kusini, jua kidogo likatoka. Njaa ilinishika kwenye kichochoro karibu na Guangta, ambako kuna msikiti wa kale wenye mnara mweupe wa mviringo (niliuona kwa nje tu). Hapo kuna mama anauza changfen. Ngoja nikueleze maana ndicho chakula cha siku nzima. Ana kabati la bati lenye droo kama za ofisini, linafuka mvuke. Anavuta droo, anamimina uji mwepesi wa unga wa mchele, mwembamba hadi bati linaonekana chini, anavunjia yai, anatupia majani mawili matatu, anasukuma droo. Hujamaliza hata kufunga mwavuli, anaivuta tena. Uji umekuwa shuka jeupe linalong'aa. Anakwangua kwa kipande cha bati, shuka linajikunja lenyewe, anakata, anamwagia mchuzi wa soya. Linateleza kooni bila kutafunwa.

Nilipotoa ile noti ya 100 akashika kichwa. Hakuwa na chenji. Akazima moto, akaniacha mimi na kibanda chake na droo zake, akaenda duka la jirani, hakupata, akaingia la pili. Nikamwona anarudi anahesabu noti huku anaongea peke yake. Nilijihisi niko Mwanjelwa kabisa.

Kutoka hapo shuka kusini hadi Yide. Harufu itakupokea, maana upande mmoja wa barabara hiyo ni samaki wakavu na kamba wakavu kwa magunia, dagaa wa Nyasa wanasubiri. Midoli ndiyo kazi yangu, najua ngazi za majengo yale gizani. Siku hiyo nilikuwa sinunui kitu, nikainua kichwa. Nyuma ya maduka kuna kanisa. Si kanisa dogo, mwanangu. Ni la mawe matupu ya matale, minara miwili ya zaidi ya mita 58, lilianza kujengwa 1863 likaisha 1888, miaka mitatu kabla Wamoravian hawajafika Rungwe. Safari sita nimenunua midoli hatua chache kutoka pale! Nimebishania senti tano ya mdoli wa bata, na minara ile iko juu ya kichwa changu. Niliingia, nikakaa benchi la nyuma, vioo vya rangi vinamwaga mwanga wa buluu sakafuni. Nikavua viatu. Sikumwambia mtu yeyote nyumbani kwamba nilisinzia.

Kisha elekea magharibi, kama nusu saa na ushee, mpaka barabara inayoitwa Liu'ersan. Maana yake sita-mbili-tatu. Kijana wa mapokezi hotelini ndiye aliyenieleza jioni kwamba ni tarehe: mwezi wa sita, siku ya 23, mwaka 1925, waandamanaji wa Kichina walipigwa risasi na wanajeshi wa Waingereza na Wafaransa waliokuwa ng'ambo ya mfereji, wakafa zaidi ya 50. Sisi tuna Nane Nane, tunaposhukia kwenda kwenye maonyesho. Wao wana Sita Mbili Tatu, na magari yanapiga honi juu yake kila siku.

Ng'ambo ya mfereji huo ni Shamian, kisiwa kidogo walichojikatia Waingereza na Wafaransa. Majengo ya kikoloni yamebaki, miti mikubwa jamii ya mkuyu inaning'iniza mizizi kama ndevu, na kila hatua kumi kuna bibi harusi anapigwa picha. Patulivu mno. Nilikaa kandokando ya mto, nikaangalia meli mpaka taa zikawaka. Mto wenyewe ndio ule wa Tunduma ambao hajauona.

Kurudi, niliingia stesheni ya treni ya Huangsha, nikanunua tiketi kwa chenji ya yule mama wa changfen. Laini namba 6 hadi Ouzhuang, unabadili laini namba 5, stesheni ya pili ni Xiaobei. Majina yameandikwa kwa herufi zetu pia, hupotei.

---

Ustadhi_Sokomatola:

Mama Midoli umenikumbusha mbali. Niongezee kwenye ule msikiti uliouona kwa nje. Unaitwa Huaisheng, na ule mnara una mita 36. Mapokeo ya Waislamu wa kule yanasema zamani ulikuwa unawashiwa taa kuongoza vyombo mtoni, na kwamba msikiti ulianzishwa na sahaba Saad bin Abi Waqqas. Wanahistoria wanabishana kuhusu hilo, lakini kwamba ni miongoni mwa misikiti ya kale kabisa ya China hakuna ubishi. Si sehemu ya watalii, asiye Mwislamu asilazimishe kuingia. Ijumaa watu wengi wanakwenda Xianxian, karibu na ile bustani ya Yuexiu upande wa magharibi. Utakutana na Wasomali, Wamali, Wachina wa kaskazini wenye kofia nyeupe, na mara zote nimekuta Mtanzania.

Dogo, kama unakula halali, pale Xiaobei hutapata shida.

---

Mwanafunzi_wa_Wuhan:

Shikamoo mama. Nimekaa China mwaka wa tatu, nyumbani ni Uyole. Yote uliyosema ni kweli, naongeza ya kiufundi tu.

Kaka wa Mafinga, sajili Alipay, programu ya kulipia kwa simu, ukiwa bado Tanzania. Unganisha kadi yako ya benki na upige picha pasi yako, ukisubiri hadi ufike utahangaika na intaneti. Ramani za Google usizitegemee. Bila VPN hazifunguki, na hata zikifunguka barabara zinakaa kando ya mahali zilipo kwa mamia ya mita. Weka Amap, ramani ya Wachina wenyewe. Noti beba za 10 na 20. Mama wa watu asizime moto tena kwa ajili yetu.

Pasi itembee na wewe, makumbusho mengi wanaiomba getini na mengine yanataka uweke nafasi mapema. Heri yako unakwenda Jumapili, maana mengi hufunga Jumatatu.

Ila mama, kumpitisha mtu Zhenhai bila kupanda umenionea. Ukiwa juu ndipo unapouona mji wote.

---

MamaMidoli_Mwanjelwa:

Marahaba mwanangu. Wewe una magoti ya miaka ishirini, panda.

---

Tunduma_Mpakani:

Hizo pembe za ndovu ni kweli au mama anatupiga kamba?

---

MamaMidoli_Mwanjelwa:

Nenda ukazione. Kutoka kwenye mabegi yako mpaka pale ni stesheni chache tu.

---

Mbao_Mafinga:

Ahsanteni sana, mama hasa. Nimeyanakili yote kwenye daftari kwa peni, simu ikizima nisome. Nimeongeza na Zhenhai, samahani mama, magoti yangu bado yanaruhusu. Swali la mwisho: viatu vya aina gani? Nina raba mpya sijazivaa.

---

MamaMidoli_Mwanjelwa:

Raba mpya ziache Mafinga. Vaa hizo unazoendea shambani, zisafishe tu matope wasikushangae kanisani.

Na ukishatoka kanisani, kabla hujaelekea magharibi, ingia jengo lolote la vifaa vya shule pale Yide unipigie picha bei ya chaki za rangi, boksi la vipande 48. Nahisi mwaka jana nilipigwa.