Mama mkwe kamchapa mjukuu, ustawi wa jamii wametuita. Nifanyeje?

MamaKitumbua
Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Naombeni ushauri, kejeli tuziweke pembeni kwanza.

Tuko Uswidi mwaka wa tatu, mimi na mume wangu, wote watu wa Tanga. Kijana wetu anakaribia miaka minne. Chekechea alianza Agosti, na tangu Novemba anauma wenzake. Anauma mpaka alama za meno zinabaki. Nyumbani ni utundu wa kawaida: ukimnyima simu anagaragara chini, baada ya dakika kumi yuko mapajani anaomba uji.

Mama mkwe alikuja mwezi uliopita, atakaa miezi mitatu. Siku moja mtoto akamuuma bibi yake kidole. Bibi akavua kandambili, akampa mbili za makalio. Nilikuwa jikoni, nikasema "basi mama," nikaendelea kukaanga. Naandika ukweli, maana nami nililelewa hivyo hivyo. Kesho yake mtoto akawasimulia walimu kwa Kiswidi chake cha kuokoteza: bibi, kandambili, pa! pa! Jioni mwalimu mkuu akanipigia, kwa upole kabisa, kwamba sheria inawalazimu kutoa taarifa. Barua imefika, kikao Jumanne.

Usingizi sina. Watanichukulia mtoto? Na mama mkwe, aliyelea saba, namwambiaje asione namfundisha kulea?

Chuma_Chakavu
Mmekubali kulelewa na wazungu. Sisi tulichapwa fimbo za mpera na tumekuwa watu. Mlete Tanga mwaka mmoja, atarudi kanyooka.

Msukuma_Ughaibuni
Mkuu Chuma, umekuwa mtu sawa, ila ulichoulizwa hujakijibu.

Dada, mimi niliwahi kuitwa. Uswidi ndiyo nchi ya kwanza duniani kupiga marufuku kumchapa mtoto hata nyumbani kwake, mwaka 1979. (Mwaka huohuo kwetu ndio zilitungwa kanuni za viboko mashuleni, na hadi leo viboko vinne ni halali. Nikikumbuka nacheka.) Mwalimu akisikia habari kama hiyo akanyamaza, yeye ndiye aliyevunja sheria, kwa hiyo usimnunie.

Kuitwa si kunyang'anywa mtoto. Wana siku 14 za kuamua kama wafungue uchunguzi, na uchunguzi wenyewe kwa kawaida haupiti miezi minne. Zile video zilizosambaa mitandaoni 2022 kwamba ustawi wa Uswidi wanaiba watoto, usiingie nazo kikaoni kichwani. Kama Kiswidi chako bado hakijakomaa omba mkalimani, maana ukishikwa na hofu hata maneno unayoyajua yanakimbia. Na usidanganye. Sema kandambili, sema mbili, sema ulikuwa jikoni.

Bibi_wa_Makorora
Marahaba mwanangu. Mkweo si wako kumwambia, huyo ni wa mwanawe. Mumeo akae na mamake wawili tu, baada ya isha, na asianze na sheria za wenyewe. Aanze na "mama, nisaidie."

Mimi nilikwenda kwa binti yangu Muscat. Jikoni kuna mtumishi, sokoni sendi, TV siielewi. Mkono ulikuwa unaniwasha, kila anachofanya mjukuu nakiona kosa. Waliponipa kazi ya kumwogesha na kumlaza, hadithi za sungura zikanirudia hata zile nilizozisahau. Mpeni bibi kazi.

MwalimuWaVidudu
Nimefundisha vidudu Morogoro, sasa niko na watoto wa umri huohuo Ujerumani. Samahanini, mnajadili bibi, mtoto mmemsahau.

Wa mwaka na nusu au miwili akiuma sishangai, meno yamemfikia kabla ya maneno. Anayekaribia minne namtafutia sababu. Masikio yamepimwa? Morogoro nilikuwa na mmoja tukimwita mkaidi mwezi mzima, kumbe sikio lilikuwa na usaha, hasikii. Lugha mbili si ugonjwa, msimkatishe Kiswahili. Ila kama hana neno la Kiswidi la "sogea, hapa pangu," atatumia meno.

Sasa dada nijibu: anauma saa ngapi, na wapi?

MamaKitumbua
Mwalimu, masikio tumepima, mazima. Nimeuliza chekechea, wana daftari la kuandika. Karibu mara zote ni kabla ya saa nne asubuhi, kwenye korido, wanapovaa kwenda nje. Huku wanatoka hata theluji ikianguka. Nilikwenda leo nikasimama mlangoni. Watoto kumi na tano wamebanana sakafuni: ovaroli, mabuti, glovu, kofia, kila mtu anamlalia mwenzake, jasho, kelele. Mwanangu Tanga alikuwa anatoka nje na kaptula. Novemba ndipo hizo ovaroli zilipoanza, na mimi sikuunganisha.

Chuma_Chakavu
Kumbe ni nguo.

MwalimuWaVidudu
Waombe avalishwe wa kwanza au wa mwisho, na mwalimu mmoja, pembeni. Na nyumbani afanye mazoezi ya kuvaa bila haraka.

MamaKitumbua
Mrejesho. Kikao kilichukua saa nzima, mkalimani alikuwa kwenye simu, sauti ya Kimombasa, nikapata nguvu. Nilisema yote. Hawakupaza sauti. Wametupa nafasi kwenye mafunzo ya wazazi, na majibu ya uchunguzi tunasubiri, moyo bado haujatulia.

Mume aliongea na mamake. Mama alinyamaza siku mbili, chakula anakula, maneno hakuna. Siku ya tatu nimetoka kazini nikamkuta kakaa mkekani, ovaroli kaitandaza kama anakunja kanga, anamwimbia mjukuu: mguu wa kulia, mguu wa kushoto. Akaniuliza, "Acha" wanasemaje hawa? Nikamwambia: sluta. Sasa nyumba nzima ni sluta, hata mume wangu akiongeza chumvi anaambiwa sluta.

Wiki hii kauma mara moja. Siku hiyo mwalimu wake wa asubuhi alikuwa mgonjwa.