Wenye kipandauso wa Kigoma na Tabora, tupeane uzoefu

MamaKibirizi
Habari za jioni jamani. Naandika nikiwa na hasira. Leo mwaloni kuna mdada tunaanika naye dagaa, kichwa kimemkamata toka asubuhi, upande mmoja tu, kinapiga pu pu pu, akaenda kujilaza chini ya meza kajifunika kanga usoni maana lile jua likigonga maji ya ziwa linamchoma macho, anatapika mpaka nyongo, na wenzake wamesimama pembeni wanasema huyu anakwepa kazi, mwingine anasema ana mimba huyo. Iliniuma. Mimi kichwa hicho nakijua toka nimevunja ungo. Mama alikuwa nacho, bibi yangu Kasulu alikuwa nacho, tulikuwa tunaambiwa nyumba nzima mnyamaze bibi kapandwa uso. Naomba wenye nacho tuandike hapa, kinawaanzaje, kipi kimesaidia na kipi kimewadanganya. Mimi nafuata giza, kitambaa cha maji baridi na kulala. Nisipopata usingizi kinakaa hata siku tatu.

Mwakeye86
Siku tatu sio uongo. Umenikumbusha mbali dada.

BintiIsevya
Mimi ni harufu. Nimezaliwa Tabora mjini ila nimeolewa Urambo, msimu wa kukausha tumbaku mabani yakianza kuwaka mimi sina raha, ule moshi na ile harufu ya jani bichi vikichanganyika najua kesho siamki. Na pafyumu kali kanisani hivyohivyo. Mama mkwe alikuwa anajua namkimbia jikoni kwake, mpaka alipomuona mwanae wa kike naye anatapika kwa harufu ileile ndio akanielewa.

MzeeWaUjiji
Wanangu poleni. Sisi wa zamani hiyo dawa yake ni kuumikwa, chuku mbili hapa kwenye kipaji na moja kisogoni damu chafu itoke, na jani la mwarobaini usiku. Mimi niliumikwa mwaka ule wa treni kukatika njia kwa mafuriko na sijasumbuliwa tena.

NesiWaZamu
Shikamoo mzee wangu. Kwa heshima zote, kipandauso sio damu chafu. Ni ubongo wenye hisia kali kuliko wa wengine, unarithiwa ndani ya ukoo kama alivyosema MamaKibirizi, na kinaelekea kuwashika wanawake kama mara tatu ya wanaume. Wengine kikifika uzeeni kinapungua chenyewe. Kuchanja kwa wembe uliotumika kwa mwingine ndio kunaniogopesha, humo kuna homa ya ini na virusi vya UKIMWI.

MzeeWaUjiji
Marahaba. Lakini wembe wangu ulikuwa mpya, usinihukumu. Na nilipona.

KakaWaGungu
Nesi muache mzee. Hospitali zenyewe ukienda na kichwa unapewa mseto wa malaria hata hujapimwa.

NesiWaZamu
Hilo nakubaliana na wewe kabisa na linanikera mimi kuliko wewe. Huku kwetu malaria ipo nyingi kweli, kichwa chenye homa PIMA, kile kipimo cha kutoboa kidole ni dakika kumi na tano au ishirini. Ila kikisoma hamna, basi hamna, usimeze dawa ya malaria kila mwezi kwa kichwa kinachokuja kila mwezi.

DadaWaNguruka
Ngoja na mimi niseme, hii sijawahi kuiandika popote. Nilikuwa natoka Tabora narudi nyumbani kwa treni, daraja la tatu, watu tumebanana, nimempakata mtoto wa dada yangu. Tumeshapita Urambo nikaona kadoa kanameremeta pembeni ya jicho nikajua ni jua la dirishani. Nikafumba macho, bado kapo. Kakaanza kukua kakawa mstari umekatwakatwa kama meno ya msumeno, unawakawaka, unasogea polepole. Namwangalia mama aliyekaa mbele yangu nusu ya uso wake HAIPO, naona sikio moja na nusu ya mdomo unaongea. Nikanyamaza, niseme nini. Mara vidole vya mkono wa kulia ganzi, ganzi ikapanda kidogokidogo kiwiko, bega, ikaja mdomoni mpaka ulimi, nataka kusema nishikieni mtoto yanatoka maneno hayaeleweki. Hapo watu wakasimama. Mmoja anasema jini huyo akaanza kusoma, mwingine anasema kifafa mnusisheni kiberiti, kuna aliyenimwagia maji kifuani, kaka mmoja anapiga kelele ni kiharusi ashushwe Kaliua, mtoto analia, na mimi NASIKIA YOTE ila siwezi kujibu. Nilijua nakufa na nilichokuwa nawaza ni huyu mtoto atafikishwa na nani. Baada ya kama nusu saa macho yakarudi, ulimi ukarudi, nikawaambia nimepona mama zangu asanteni. Ndio kichwa kikaja. Sina maneno ya kichwa kile. Kila treni ikigonga kiungio cha reli nahisi kwenye jicho la kushoto, nimetapika kwenye kanga ya watu mpaka Nguruka nikashushwa nimebebwa. Kituo nilichopelekwa wakanidunga sindano za malaria wakanirudisha. Kijijini wakasema nimetupiwa kitu na mke mwenza wa dada, mpaka leo wale ndugu wawili hawasalimiani.

Mwakeye86
Weeee. Mungu ni mwema uko hai.

BintiIsevya
Nimesoma mara mbili nimeshika kifua. Ikajirudia?

MchaMungu_KG
Dada hapo msidanganyane, hiyo ni vita ya kiroho. Ugonjwa gani unachukua macho na kuyarudisha?

KakaWaGungu
Kiharusi kidogo hicho, baba yangu mdogo kilianza hivyohivyo tukakichukulia mchezo, kesho yake akapooza upande. Acheni mambo ya majini mtaua watu.

MchaMungu_KG
Sijasema asiende hospitali, soma vizuri kabla hujafoka.

DadaWaNguruka
Imejirudia, mara nyingine kadoa tu bila kichwa. Baadaye daktari mmoja ndio alinipa jibu, anasema ni kipandauso chenye dalili za kutangulia. Na akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: unatumia vidonge vya majira? Nilikuwa natumia. Akasema hivyo tunabadilisha leoleo.

NesiWaZamu
Jamani wanawake wote someni hapo alipomalizia. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili, yaani vyenye estrojeni, mwenye kipandauso cha kuona vimulimuli HATAKIWI kutumia, vinaongeza hatari ya kiharusi, na kama anavuta sigara ndio balaa. Usiviache kimyakimya ukapata mimba, nenda kliniki wakubadilishie, kuna kijiti, kitanzi, vidonge vya homoni moja. Na KakaWaGungu pole kwa baba mdogo, hofu yako ni ya haki. Kiharusi kinakuja ghafla, kwa mara moja. Dalili za kipandauso zinatambaa taratibu kama alivyoeleza, ganzi inapanda kutoka vidoleni, mara nyingi dakika tano mpaka saa moja zinaisha. Ila ikikutokea mara ya kwanza usijipimie mwenyewe, kimbia hospitali. Na kichwa kilicholipuka kwa sekunde chache na ni kikali kuliko vyote ulivyowahi kuumwa, kichwa na homa na shingo imekaza, kichwa baada ya kuanguka au ajali ya bodaboda, mjamzito wa miezi mitano kwenda juu anayeumwa kichwa na kuona maluweluwe, hao wote ni leo sio kesho.

MamaKibirizi
Mimi natumia hivyo vidonge ila vimulimuli sioni, nitaenda kuuliza. Sasa nesi tuambie dawa. Tangawizi inasaidia au tunajifurahisha? Mimi naichemsha na mchaichai.

NesiWaZamu
Tangawizi inatuliza kichefuchefu, na yapo majaribio madogo yameonyesha inapunguza na maumivu yenyewe, kwa hiyo kunywa. Mchaichai sina ushahidi wake ila ni maji ya moto, haudhuru. Dawa ya dukani iwahi, kosa kubwa ninaloliona ni mtu kusubiri mpaka anatapika. Kikianza tu, mtu mzima asiye na vidonda vya tumbo na asiye mjamzito anameza aspirini tatu za miligramu 300, au ibuprofeni miligramu 400. Mjamzito na wa vidonda ni panadol mbili za 500. Kipandauso kinalaza tumbo, dawa inakaa humo haiendi, ndio maana daktari anaweza kukuongezea ya kuzuia kutapika. Kuna na dawa zake maalumu, sumatriptani, sio kila duka utaikuta, na mwenye ugonjwa wa moyo hapewi.

FundiSimuMwanga
Kahawa jamani. Kikombe cha kahawa ya Kalinzi bila sukari na panadol mbili, ndani ya saa nimekaa benchi natengeneza simu. Nani mwingine?

BintiIsevya
Kahawa ndio inaniamsha mimi kichwa!

BabaUjijiKati
Zote kweli. Mimi mnywaji wa vikombe vingi barazani, siku ya kwanza ya Ramadhani ilikuwa lazima nilale. Siku hizi Shaabani yote napunguza taratibu, na daku siliachi, nala karibu na adhana na maji ya kutosha. Nafunga vizuri tu sasa hivi.

KakaWaGungu
Nesi swali. Shemeji yangu anameza diklo, ile diklofenaki ya maumivu, kila siku ya Mungu, asubuhi na jioni, anasema asipomeza kichwa kinarudi. Ana kopo kwenye pochi.

NesiWaZamu
Hizo dawa sasa ndizo zinamletea kichwa. Dawa za kawaida za maumivu ukizitumia siku 15 au zaidi kwa mwezi, miezi inapita, ubongo unazoea na unadai. Zile za mchanganyiko wenye kafeini na sumatriptani ni siku 10 tu. Aende akasaidiwe kuziacha, wiki za mwanzo kichwa kitazidi halafu kitashuka. Na diklo kila siku inatoboa tumbo na kuumiza figo.

MwalimuKiloleni
Naongezea kwa wale wenye kichwa cha kila wiki. Mimi nafundisha, chaki, jua la saa saba, kelele za watoto sitini, nilikuwa nafundisha nimeegemea ukuta. Nikapewa propranololi ya kumeza kila siku. Mke wangu akasoma karatasi akasema hii ni dawa ya presha, wewe presha huna, umepewa ya mtu. Nikarudi kuuliza, nikaambiwa inafanya kazi zote mbili, ila mwenye pumu hapewi na huiachi ghafla. Miezi miwili ya mwanzo nilikaribia kukata tamaa, halafu vichwa vikaanza kupishana mbali. Mwalimu mwenzangu mwenye pumu yeye alipewa amitriptilini usiku, mtaani wakamvumishia kichaa kwa sababu inatumika na huko pia. Msisikilize watu. Na andikeni kwenye daftari siku kilipokuja, ulikula nini, ulilala saa ngapi, hedhi ilikuwa lini. Daktari akikuta daftari anakuhudumia tofauti kabisa.

MchaMungu_KG
Mwalimu umeongea. Na mimi naendelea kumuombea dada wa Nguruka.

DadaWaNguruka
Asante, niombee na wale ndugu wapatane.

MzeeWaUjiji
Nesi, hiyo aspirini na mimi nina miaka 71 sasa, naruhusiwa?

NesiWaZamu
Mzee wangu hapana, usimeze bila kuonana na daktari. Na kama kichwa kimekuanza upya umri huo, hasa kipaji kikiuma ukigusa au taya likichoka ukitafuna, wahi hospitali ya Maweni leoleo, usisubiri.

BintiIsevya
La mwisho samahani. Mwanangu ana miaka 11, analalamika kichwa chote sio upande, saa mbili tatu kinaisha, anataka giza. Ni hichohicho?

NesiWaZamu
Kinaweza kuwa. Watoto mara nyingi kinashika pande zote na hakikai sana. ASPIRINI USIMPE, chini ya miaka 16 hapana, mpe panadol kwa uzito wake. Akiwa anaamshwa na kichwa usiku, anatapika kila asubuhi au anayumba akitembea, mpeleke haraka. Anakula asubuhi?

BintiIsevya
Anatoka saa kumi na moja na nusu, chakula ni mpaka saa nane.

MwalimuKiloleni
Hapo ndipo penyewe. Mfungie viazi vya kuchemsha na chupa ya maji, na mwambie mwalimu wake wa darasa amruhusu kula saa nne hata kama wenzake hawali. Andika barua, mimi nikipewa barua ya mzazi naitii.