Kampuni ganda za hisa za senti: dalili ipi ina uzito, ipi ni kelele?

Swali, kutoka kwa Mchambuzi_Mgeni

Wakuu, salaam. Kuna hisa moja ya Marekani, soko la OTC (biashara kupitia madalali, nje ya masoko makubwa ya hisa), inauzwa senti 4 za dola. Mwaka juzi ilikuwa kampuni ya madini. Leo ina jina jipya na inajiita kampuni ya akili mnemba. Fomu 10-K (ripoti ya mwaka) ya mwisho inaonyesha fedha taslimu dola 3,100, mauzo sifuri, hisa milioni 900 zimeshatolewa kati ya bilioni 5 zilizoidhinishwa. Mkaguzi ameandika ana shaka kubwa kama kampuni itaendelea kuwepo. Ukurasa wa mbele, pale wanapouliza kama ni kampuni ganda, wametia alama ya "hapana". Wiki mbili hizi bei imepanda mara tatu na barua pepe za kuisifia haziishi. Mizania naisoma bila shida. Sijui tu kipi nikipe uzito.

Dawati_la_Hisa

Mkuu, ile kauli ya mkaguzi iweke kando. Karibu kila kampuni changa isiyo na mauzo inayo, ya waaminifu na ya matapeli, kwa hiyo haikusaidii kutofautisha. Kuwa ganda nako si kosa. Ganda ni kampuni halali isiyo na shughuli, au yenye shughuli za jina tu, na ambayo haina mali ya maana zaidi ya fedha taslimu.

Kinachonikera hapo ni hiyo "hapana". Faida ya kukataa iko kwenye Kanuni ya 144 ya SEC, msimamizi wa masoko ya hisa Marekani. Hisa zenye zuio (zilizotolewa faraghani, zisizouzwa kwa umma moja kwa moja) za kampuni iliyo ganda, au iliyowahi kuwa ganda, haziwezi kuuzwa kwa umma kupitia kanuni hiyo mpaka kampuni iache kuwa ganda, itoe taarifa kamili za kiwango cha Fomu 10 (fomu ya kusajili hisa SEC), kisha mwaka mmoja upite, na ripoti zake za miezi 12 ziwe zimewasilishwa zote. Kampuni yenye dola 3,100 na mauzo sifuri ikisema si ganda, jiulize nani ana hisa anazotaka zifunguliwe mapema.

Ingia EDGAR (hifadhi ya SEC ya ripoti za kampuni), utafute 8-K (taarifa ya tukio kubwa) yenye kipengele 5.06, cha kuacha kuwa ganda. Ganda likinunua biashara ya kweli, lina siku 4 za kazi kuwasilisha 8-K hiyo, pamoja na hesabu zilizokaguliwa za biashara iliyonunuliwa. Ukikuta tangazo la mbwembwe kwa vyombo vya habari bila 8-K, hiyo biashara mpya ni ya kwenye karatasi mpaka uthibitishiwe.

Noti_na_Deni

Naongezea pale hela inapotokea. Soma maelezo ya hesabu, sehemu ya mikopo inayogeuzwa kuwa hisa. Sentensi ya kuogopa husomeka hivi: mkopeshaji atageuza deni kwa asilimia 50 ya bei ya chini kabisa ya siku 20 za biashara zilizotangulia.

Piga hesabu. Deni ni dola 100,000, bei ya chini ni senti 4. Mkopeshaji anahesabiwa senti 2 kwa hisa, anapata hisa milioni 5. Anazimwaga sokoni, bei inalala. Ikifika senti 0.4, deni jingine la kiasi kilekile linageuzwa kwa senti 0.2, na hapo zinatoka hisa milioni 50. Kadiri bei inavyoshuka ndivyo anavyopewa nyingi zaidi, kwa hiyo kushuka hakumuumizi. Kinachomuumiza ni kukosa wanunuzi, na ndiyo kazi ya hizo barua pepe. Hizo bilioni 4.1 ambazo hazijatolewa ndizo nafasi yake. Zikiisha, bodi huunganisha hisa, mathalani 500 kuwa 1, na mchezo unaanza upya.

Kipimo cha haraka: ukurasa wa mbele wa 10-K una idadi ya hisa ya tarehe ya karibuni, mizania ina ya mwisho wa mwaka wa fedha. Linganisha hizo mbili.

Karani_wa_Rejesta

Kwenye EDGAR angalia pia majina ya zamani ya kampuni. Majina matatu kwa miaka sita, kila moja likifuata upepo wa wakati wake, kwangu inatosha kufunga faili. Halafu tafuta kama ganda lilikuwa limetelekezwa na mtu akaomba mahakamani, mara nyingi Nevada, ateuliwe msimamizi. Utaratibu huo ni halali, lakini tazama alichojilipa: kwa kawaida hisa za upendeleo zenye kura nyingi kuliko hisa zote za kawaida, kisha anauza udhibiti wa kampuni.

Kuhusu hizo barua pepe, shuka mpaka maandishi madogo ya chini. Kifungu 17(b) cha sheria ya Marekani ya dhamana (hisa na hati fungani) ya 1933 kinamtaka aliyelipwa kusifia hisa aseme amelipwa, na kiasi gani. Kusema tu "huenda tumelipwa" hakutoshi.

Kwa mkaguzi, tahadhari moja. Kubadili mkaguzi, kipengele 4.01 cha 8-K, kwa kawaida ni dalili mbaya. Lakini Mei 2024 SEC iliifungia kampuni ya ukaguzi BF Borgers kwa udanganyifu uliogusa ripoti zaidi ya 1,500, na wateja wake wote walilazimika kutafuta mkaguzi mwingine. Badiliko la miezi ile lisikutishe lenyewe; angalia kama hesabu za nyuma zilikaguliwa upya.

Mchambuzi_Mgeni

Nimerudi EDGAR. Kipengele 5.06 hakipo popote. Zile milioni 900 nilizitoa kwenye mizania. Ukurasa wa mbele, miezi mitatu baadaye, unasema bilioni 1.35. Je, nikiingia kwa siku chache tu nikatoka?

Noti_na_Deni

Hiyo ni asilimia 50 ya hisa mpya kwa miezi mitatu, mkuu. Mtu anauza kila unaponunua.

Na kutoka si hiari yako. SEC inaweza kusimamisha biashara ya hisa kwa siku 10 za kazi, kama ilivyofanya kwa CYNK Technology mwezi Julai 2014, hisa isiyo na mapato iliyotoka senti chache ikavuka dola 20. Siku 10 zikiisha, bei hairudi sokoni yenyewe kwenye OTC: lazima dalali awasilishe Fomu 211 (fomu ya kuomba kutangaza bei ya hisa) na athibitishe taarifa za kampuni kabla ya kutangaza bei. Kwa kampuni ya namna hii, madalali wa kujitolea kuweka jina lao hapo ni wa kutafuta kwa tochi.