Mrejesho: siku moja mjini Nairobi na mama

Wiki mbili zilizopita niliuliza nimpeleke wapi mama, anayetoka Mombasa na goti lake linamsumbua, ikiwa tuna siku moja tu katikati ya jiji. Asanteni sana kwa majibu.

Tulianzia KICC, jumba refu la mikutano ambalo watu hupanda hadi juu kutazama jiji, lililofunguliwa mwaka 1973, kazi ya Karl Henrik Nøstvik na David Mutiso. Mlisema twende mapema, lakini Julai asubuhi ni mawingu matupu! Tulisubiri hadi saa sita jua likatoka. Lifti haikufikishi juu kabisa, kuna ngazi za kumalizia. Mama alizipanda polepole, mkono mmoja ukutani, mwingine begani kwangu. Kule juu alinyamaza kabisa, kisha akaninyooshea kidole: "Ule si msikiti?" Ni Jamia, na kuba zake.

Basi tukashuka tukaenda huko. Mama akaswali adhuhuri, nami nikamngojea nje ya Maktaba ya McMillan, iliyo jirani tu na msikiti. Ilifunguliwa 1931, nguzo nene mbele na simba wa mawe mlangoni. Wengi hupita hapo kila siku bila kuinua macho, na inaniuma.

Makumbusho ya reli hatukuyafikia, goti lilikataa. Mwenye mzazi mzee, panga sehemu mbili, si tano, na mbebee sweta. Teksi tuliyorudi nayo ilitutoza karibu maradufu, kwa hiyo patana bei kabla ya kuingia.

Mama ameshauliza tutarudi lini.