Propela ipi inafaa boti ya maboya mawili yenye mashine ya 40, safari za Kibirizi hadi Gombe?

Nahodha_Kibirizi

Habari za jioni, ndugu zangu wa vyombo vya majini. Ninaomba ushauri kuhusu boti yenye sitaha bapa inayoelea juu ya maboya mawili ya alumini, urefu wake mita 7, ambayo ninaitumia kubeba abiria na wageni kutoka Kibirizi, Kigoma, kwenda hifadhi ya Gombe kwenye Ziwa Tanganyika. Mashine ni ya nguvu za farasi 40, mipigo minne, na kitabu chake kinaeleza kwamba mafuta yakifunguliwa mpaka mwisho inapaswa kuzunguka kati ya mara 5,000 na 6,000 kwa dakika. Uwiano wa gia ni 2 kwa 1. Propela iliyokuja nayo ina mapanga matatu na pichi ya inchi 13. Nikiwa na abiria kumi na mizigo yao, mizunguko haivuki 4,600 na GPS inasoma kilomita 24 kwa saa. Nikiwa peke yangu inafika 5,300. Muuzaji mmoja ananishawishi ninunue propela ya chuma cha pua yenye pichi ileile, akisema kwamba hiyo ndiyo itakayoongeza kasi. Je, niongeze pichi, niipunguze, au nihamie kwenye mapanga manne?

Fundi_Ujiji

Ndugu Nahodha, nakushukuru kwa kuleta vipimo, kwa sababu bila idadi ya mizunguko hakuna fundi anayeweza kukuchagulia propela kwa haki. Pichi ni umbali ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama maji yasingeteleza. Kwa mashine yako, mizunguko 4,600 ikigawanywa kwa 2 ni 2,300 kwenye shafti ya propela, na kwa pichi ya inchi 13 hesabu inatoa takriban kilomita 45 kwa saa. Wewe unapata 24. Maana yake karibu nusu ya mwendo inapotea katika mtelezo, na ingawa boti za maboya huteleza kuliko boti nyepesi za fiba, kiasi hicho ni kikubwa mno.

Usiongeze pichi hata kidogo. Mashine isiyofikia mizunguko iliyowekewa na kiwanda huku mafuta yamefunguliwa yote ni kama lori lililojaa magunia linalolazimishwa kupanda mlima kwa gia ya nne: inakula mafuta, inajaza masizi kwenye plagi na pistoni, na mwishowe inakufa kabla ya wakati wake. Kwa kawaida, kupunguza pichi kwa inchi moja huongeza mizunguko kati ya 150 na 200. Kumbuka pia kwamba uso wa Ziwa Tanganyika uko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, na mashine isiyo na turbo hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko. Kwa hiyo majedwali ya propela yaliyoandaliwa kwa boti za baharini hukuelekeza kwenye pichi kubwa kuliko unayoihitaji hapa kwetu.

Kwa vipimo ulivyoleta ningesema pichi ya inchi 10: ukiwa na abiria utafika 5,200 hivi, na ukiwa mtupu utakaribia 5,900 bila kuvuka kikomo. Ukishuka hadi 9 utapata nguvu zaidi ukiwa umepakia, lakini ukirudi bila abiria mashine itapita 6,000. Hata hivyo, kabla ya kutoa fedha, hakikisha kwamba waya wa mafuta unafungua hadi mwisho kwenye mashine yenyewe, kwamba maboya hayana mwani, na, muhimu kuliko yote, kwamba hayana maji ndani.

Mzee_wa_Katonga

Ninakubaliana na fundi kuhusu pichi, lakini ninaona suala la mapanga limepitwa haraka. Boti ya sitaha bapa hushika upepo kama tanga, na kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusi huinua mawimbi ambayo mwambao wetu wote unayajua. Wimbi likipita kati ya maboya mawili, propela huvuta hewa, mizunguko hupanda ghafla na chombo hubaki bila msukumo wakati ambao nahodha anauhitaji zaidi. Mapanga manne hushika maji vizuri zaidi katika hali hiyo, na hutii unapokaribia ufukwe polepole au unaporudi nyuma huku upepo ukikusukuma kwenye mawe. Utapoteza kasi kidogo ya juu. Kwa chombo cha abiria mimi ningenunua mshiko kwanza, na kasi ije baadaye. Ukichagua manne yenye kipenyo kilekile, shusha pichi inchi moja zaidi, kwa kuwa panga la ziada huongeza mzigo kwa mashine.

Angalia pia kimo cha mashine. Lile bamba la juu ya propela linapaswa kubaki ndani ya maji chombo kinapotembea, hata unapokata kona. Likitoka nje, hakuna propela itakayokusaidia.

Kuhusu chuma cha pua, kwa kazi yako sikioni kuwa na faida. Ukigonga jiwe, panga la alumini hupinda au kukatika, ilhali la chuma hubaki zima na kupeleka kishindo kwenye bushi ya mpira, shafti na gia, ambazo ni ghali kuliko propela mbili.

Nahodha_Kibirizi

Ahsanteni sana, fundi na mzee wangu. Leo nimefungua vizibo, na boya la kushoto lilikuwa na maji mengi kupitia ufa kwenye mshono wa uchomeleaji. Tumeukausha na kuuchomelea upya. Baada ya hapo, kwa abiria walewale kumi, nimepata mizunguko 4,850, na mtupu 5,400. Waya wa mafuta unafungua vizuri. Je, bado ninunue ya inchi 10?

Fundi_Ujiji

Hapana, sasa hesabu imebadilika. Ukiweka mapanga matatu yenye pichi 10 utagusa kikomo cha 6,000 ukiwa mtupu. Chagua kati ya mapanga matatu ya pichi 11 na mapanga manne ya pichi 10. Zote mbili zinapaswa kukupa karibu 5,250 ukiwa umepakia na 5,800 ukiwa mtupu. Kwa hoja ya Mzee kuhusu kusi, mimi pia ningechukua ya manne. Mwombe muuzaji akuruhusu kuijaribu kabla ya kumaliza malipo, na uipime kwenda na kurudi, ili upepo usikudanganye.

Unapofunga, hesabu meno ya shafti yalingane na ya propela, yapake grisi, kagua kama kuna uzi wa nyavu uliojiviringisha nyuma ya kitovu, kwa maana huo hukata sili (mpira wa kuzuia maji) na kuingiza maji kwenye giaboksi, kisha weka pini mpya. Propela ya zamani ibaki botini kama akiba, pamoja na nati, pini na spana yake.